Aliyekula wa Mwisho

Simu kutoka Perth ikilia saa tatu asubuhi siiamini. Kwao kunakuwa ndiyo kwanza kunakucha, na mtu hapigi simu alfajiri kwa habari njema. Nilikuwa kwenye foleni ya bucha pale Merrylands nilipoliona jina la Fiona kwenye simu, nikajua kabla sijapokea. "Mapendo," akasema, "Baba ametutoka. Amelala jana jioni, hakuamka." Nikampa pole, naye akaniambia kwamba wangemleta Sydney wamzike kando ya mkewe, na kwamba nisikose kufika, kwa sababu mzee aliacha maagizo yanayonihusu. Kwetu, marehemu akiacha maagizo yanayokuhusu, ama amekusamehe ama amekushtaki. Mwenye bucha akaniuliza kama bado nataka nyama ya mbuzi. Nililia pale kando ya viungo, mwanamke mzima, namlilia mzungu niliyemdhania vibaya wiki sita nzima, naye akinidhania vibaya vilevile.

Watu husema mtu hufundwa akiwa kijana. Mimi nilifundwa nikiwa na miaka arobaini na sita, katika nyumba ya matofali mekundu huko Ingleburn, mwaka ule Sydney ilipofungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa mtunza wazee. Kampuni ilinituma kwa mzee mmoja Mskochi wa miaka themanini na minane, mjane, anayeishi peke yake. Nikawa naenda mara tatu kwa wiki, nampikia, namwogesha, nafungua madirisha, narudi kwangu Guildford. Mwanzoni hatukuwa na neno. Alikuwa mrefu, mkavu, amenyooka hata akiwa kwenye kiti, na kila asubuhi alikuwa amekwisha kupaka viatu vyake rangi kabla sijafika, ingawa hakuwa na pa kwenda. Kisha zikaja zile amri za mwezi wa saba. Guildford yetu ilikuwa kwenye orodha ya mitaa iliyobanwa zaidi, kutoka na kuingia kwa kibali. Kampuni ikanipigia: kama niko tayari kuhamia kwa mzee mpaka mambo yatulie, kazi ipo, kama siko tayari, wangetafuta mwingine. Nikamwacha binti yangu Neema kwa jirani yangu Espérance, mwenzangu wa tangu kambini Kigoma, nikafunga begi moja.

Sasa ukilala kwenye nyumba ya mtu ndipo unapoijua. Jambo la kwanza nililolijua ni kwamba mzee yule alikuwa na majina matatu. Kwenye karatasi za kampuni aliitwa Alasdair. Barua zilikuja kwa jina refu lenye vyeo mbele na nyuma. Na kwenye simu, watu waliompigia kutoka Kanada, Nyuzilandi na kwao Skochi walimwita Ardvenna, hivyo tu, bila Bwana wala nini. Mimi nimekaa kambini miaka kumi na mmoja. Kambini mtu mwenye majina matatu ana kadi tatu za chakula, na siku ya ukaguzi hutamwona. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Jambo la pili lilikuwa chini ya kitanda. Siku ya pili tangu nihamie nilikuwa nafagia, ufagio ukagonga sanduku la chuma. Halikuwa limefungwa kwa kufuli, na sitasema uongo hapa, nililifungua. Ndani mlikuwa na upanga mrefu kwenye ala yake, picha ya vijana wenye sare wamekaa juu ya farasi, na kofia ya bluu iliyochomekwa manyoya matatu ya tai. Nikalirudisha haraka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliyewaona wenye sare wakiingia Uvira sihitaji kuonyeshwa upanga mara mbili. Siku hiyohiyo Espérance akanipigia, sauti imemkauka. "Mapendo, basoda biko napita ku nyumba na ba polisi. Banagonga ku milango." Akaniambia askari hao hawana bunduki, wanagonga kwa adabu, wanauliza tu kama watu wako salama na kama wana chakula. Lakini yeye alikuwa amewaficha watoto bafuni, na Neema wangu, aliyezoea hapa, alikuwa anamfokea nyuma ya simu: "Aunty, they're literally just checking on people." Mimi nilikaa pembeni mwa kitanda changu Ingleburn, nikisikia viatu vya askari wangu mwenyewe vikitembea ukumbini, kwenda na kurudi.

Jioni ile nikajikaza nikamwuliza: "Mzee ulikuwa askari?" Akasema ndiyo, alikuwa afisa wa kikosi cha wapanda farasi. Nikamwuliza farasi wako wapi. Akacheka kidogo, akasema enzi zake farasi walishakuwa vifaru, farasi wenyewe walibaki wachache wa gwaride, lakini desturi zote za farasi waliendelea kuzishika. Kisha, kana kwamba ananiambia hali ya hewa, akaongeza kwamba yeye pia ni chifu wa ukoo wao, wa ishirini na mbili tangu waanze kuhesabu, na kwamba Ardvenna ni jina la ardhi yao, ndilo chifu huitwa kwalo. Nikaitikia kwa heshima bila kuamini hata nukta. Kambini kila mzee wa pili alikuwa mtoto wa chifu. Chifu gani anaishi nyuma ya kituo cha treni Ingleburn, jiko lenye bomba linalovuja? Alisema babu yake aliliuza jumba lao zamani, na yeye alimfuata mke Australia. Nikasema moyoni, hata waongo wa kambini nao majumba yao yalikuwa yameuzwa.

Kilichonifanya nianze kuamini ni chakula. Kesho yake nilimpelekea kuku na viazi vya kuponda chumbani kwake, akanishukuru na hakugusa kijiko. Nilisimama. Akanitazama. Nikaendelea kusimama, kwa sababu maelekezo ya kampuni yalisema mtunzaji amwone mzee akila. Naye akaendelea kunitazama, mikono magotini, mpaka chakula kikaanza kupoa. Ndipo likanijia wazo lililonipa aibu. Kwetu mwami, yaani chifu, haonwi akila. Nikiwa msichana nilikuwa nawaona wanawake wakipeleka vikapu vilivyofunikwa mpaka mlangoni kwa mwami, wanageuza uso, wanaondoka, na hakuna anayetia tonge kinywani mpaka vikapu virudi. Chifu akila mbele za watu anakuwa mtu tu. Na mzee huyu wa Ingleburn, bila kufundishwa na mtu wa kwetu, alikuwa anakataa kula mbele yangu. Nikasema, kumbe ni kweli, uchifu hauigizwi hadi huko. Nikainamisha kichwa, nikatoka, nikamfungia mlango.

Tangu siku hiyo nikawa nafuata utaratibu wa kwetu. Napeleka sinia, nafunga mlango, nakaa jikoni kimya sigusi chochote mpaka nusu saa ipite, kisha naenda kuchukua vyombo. Sahani ilikuwa inarudi imechokonolewa kidogo. Mimi, heshima imenikamata, nilikula mkate na chai chumbani mwangu baadaye, na chakula kilichobaki nikakitupa, maana makombo ya mwami hayaliwi na mwanamke. Kwenye simu ya kazi mlikuwa na mahali pa kujaza kila siku: mteja amekula vipi. Nikawa naandika, amekula vizuri. Udhaifu wa chifu hautangazwi. Na mimi nilidhani watu wazima wa aina yake hula kidogo.

Lakini kila Ijumaa nilimpima, na mizani haina adabu. Alikuwa kilo sabini na mbili nilipohamia. Wiki ya tatu sitini na nane. Wiki ya tano sitini na tano, na mkanda wa suruali yake akautoboa tundu jipya kwa ncha ya mkasi, mwenyewe, bila kuniambia. Msimamizi wangu akapiga simu akasema namba hizi hazipatani na maneno yangu ya amekula vizuri, na kwamba muuguzi angekuja Jumatatu ijayo kumpima mwenyewe. Kama mzee anaendelea kupungua, angepelekwa kwenye nyumba ya wazee. Mwaka ule sote tulijua maana yake. Zilikuwa zimefungwa kwa wageni, na Fiona, mtoto wake pekee, alikuwa Perth nyuma ya mpaka usiovukika. Nilipomweleza mzee habari za muuguzi hakubadilika uso. "Wanakuingiza kwa mlango wa mbele," alisema. "Naujua mlango wa kutokea." Kisha akaniomba nimletee brashi ya viatu.

Hapo nikaanza kumchunguza kwa nguvu. Siku moja mchana, badala ya kukaa jikoni, nilizunguka nje kupitia kwenye kamba ya nguo, nikachungulia dirishani kwake. Mzee alikuwa amesimama na sahani mkononi. Alikuwa anawatupia ndege chakula changu, wale ndege wakubwa weusi kwa weupe waliojaa kila mtaa hapa. Aliwatupia vipande vya samaki, akawatazama wakila, akawatazama sana. Halafu akageuka, akausogelea mlango, akatega sikio kuelekea jikoni, ambako alidhani nipo. Alisimama hivyo muda mrefu. Mwisho akala vijiko viwili na kufunika sahani.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa nilichoelewa. Uvira na kote Kivu tunaijua karuho, sumu ya polepole anayotiliwa mtu chakulani na jirani anayemchekea. Ndiyo maana kwetu mwenyeji huonja kwanza kinywaji ndipo ampe mgeni. Na huyu mzee alikuwa anaonjesha ndege chakula changu, kisha anasikiliza kama nami ninakila. Niliingia ndani. Nilimwosha mtu huyu mgongo, nikamkata kucha za miguu, naye anawatanguliza ndege kuonja chakula changu! Nikampigia Espérance. "Mi niliwaza hivyo tangu mwanzo," akasema. "Ule muzee anaona utamutilia karuho. Toka pale, dada. Akikufa watasema ni weye." Neema akachukua simu. "Mum, just ask him." Nikamwambia kuna mambo hayaulizwi. "Why not?" Nikakata simu.

Jumatano, nikiwa napitisha kitambaa ukumbini, nilimsikia akiongea na Fiona. Alikuwa haongei kwa siri. Watu wenye masikio mazito hawajui siri. "Hali chochote," alisema. "Wiki sita yuko chini ya paa langu, sijamsikia akila hata siku moja. Ninalala hapa nasikiliza. Mpishi asiyekula chungu chake mwenyewe, Fiona, mimi nifikirie nini?"

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo. Nimetukanwa mengi maishani, nimeitwa mkimbizi, nimeambiwa nirudi nilikotoka, nikamezea. Lakini kuitwa mtia sumu, hapana. Nilirudi jikoni nikapika ugali mgumu wa kwetu, na samaki, na mchicha, sikupika viazi vyake vya kizungu. Nikapakua sahani mbili. Niliufungua mlango wa chumba chake bila kugonga, nikamwekea moja mezani, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake magoti kwa magoti na sahani yangu mapajani. Heshima yote ya mwami niliiacha jikoni.

"Tazama," nikamwambia. "Nakula. Ni chungu kimoja." Nikakata tonge, nikachovya, nikatia kinywani, nikatafuna huku namkodolea macho. Nikakata la pili. Machozi yalikuwa yananitoka na mchuzi unanitiririka kwenye kidole. "Bado sijafa. Umeona? Tazama vizuri."

Mzee aliniangalia nikimeza tonge la tatu, kisha akashika kijiko chake. Akala. Alikula ugali, samaki, mchicha, akafuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha ugali kama nilivyofanya mimi. Mimi nikazidi kuumia, maana nilidhani nimeshathibitisha: alikuwa akingoja kuona kama nitaanguka.

"Umeamini sasa kwamba hakina sumu?" nikauliza.

Akaweka kijiko chini. "Sumu?" Nikamwambia yote: ndege, mlango, maneno aliyomwambia Fiona. Alisikiliza akiwa amekunja uso, na masikio yake yakawa mekundu. Kisha akasema polepole, ili nielewe Kiingereza chake cha Skochi: "Farasi kwanza. Halafu askari. Halafu afisa. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, na baba yangu alinifundisha kabla ya jeshi, kwa sababu chifu naye ni hivyo. Hali mpaka wote walio chini ya paa lake wamekula. Farasi sina, nina wale ndege. Na wewe hukuwa unakula. Nilikusubiri wiki sita."

Nilikaa na tonge mkononi. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba afisa haulizi, anaangalia. Mwanzoni alifikiri ninaogopa kuambukizwa naye. Baadaye, akasema, na hapa aliangalia viatu vyake, baadaye njaa ilimwongoza kufikiri mengine, na anaona aibu. "Na wewe?" akaniuliza. "Kwa nini ulikuwa unanifungia mlango?" Nikamweleza kwamba kwetu mwami haonwi akila, na kwamba hakuna anayekula kabla yake. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na mimi nikacheka, wapumbavu wawili wenye njaa, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni mpaka tukakaribia kufia kizingitini.

"Kwenu chifu ni wa kwanza kula," alisema alipotulia.

"Kwenu ni wa mwisho."

"Ungekuwa umeniuliza tu."

"Na wewe, Mzee, ungekuwa umeuliza tu." Neema alikuwa na haki, na sijawahi kumwambia.

Jumatatu muuguzi alikuja na barakoa na mizani yake: kilo sitini na tatu na nusu. Akaiandika na kuanza kutafuta namba ya simu. Nilimwomba tutoke barazani. Huko nilimwambia kwamba yale maneno yote ya amekula vizuri niliyaandika bila kumwona mzee akila, kwamba nilimfungia mlango nilipotakiwa kumtazama, na kwa nini. Nilikuwa na hakika kazi imekwisha. Alinitazama kwa muda juu ya ile barakoa, akaniambia hajawahi kusikia jambo kama hilo, na kwamba angetupa wiki mbili. Kampuni ilinipa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Na sisi tukala. Kila mlo nilianza mimi, yeye amekaa wima akisubiri nimeze, na mwanzoni nilitafuna nimeinamia sahani, maana nimelelewa kuona kula mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Wiki mbili zilipotimia alikuwa sitini na tano, akaachwa. Mpaka wa Perth ulipofunguliwa Fiona alikuja kumchukua, na siku ya kuondoka mzee alinivulia kofia ya bluu yenye manyoya matatu, mbele ya dereva wa teksi.

Hivyo siku ya maziko nilikwenda na Neema nikiwa na wasiwasi na yale maagizo. Baada ya kutoka makaburini tuliingia ukumbi wa kanisa Ingleburn, watu kama sitini, wanaume wamevaa zile sketi zao za mirabamiraba, Neema ananifinya nisiwatazame magoti. Meza ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeleta sambusa, nazo zilikuwa zimewekwa katikati. Na hakuna mtu aliyekuwa anakula. Walisimama ukutani na sahani tupu, na nilipogeuka nikaona wote wananitazama mimi. Tabia ya zamani haifi. Nikajiuliza nani kawaambia nini juu ya chakula changu. Nikatafuta mlango ulipo.

Fiona alikuwa kwenye mlango huo. Amevaa ile kofia. Alikuwa ameshika kipande cha mkate, anakimega na kuwatupia ndege uwanjani, bila haraka, mpaka kikaisha. Akapangusa mikono akanijia na sahani. "Baba aliandika mstari mmoja tu kuhusu siku hii," akasema. "Mapendo aanze."

"Mum," Neema akaninong'oneza. "They're waiting for you."

Nikachukua kiazi. Kilikuwa kimepoa na hakikuwa na chumvi. Nikakila nimesimama, watu sitini wananitazama nikitafuna, mpaka nikameza. Ndipo wakaijia meza, wazee, watoto, wenye fimbo, wakapakua, ukumbi ukajaa kelele za vijiko. Fiona hakusogea. Alisimama kando ya ukuta na sahani yake tupu, akihesabu watu kwa macho, mpaka hata kijana aliyekuwa akiegesha magari nje naye akawa ameshika sambusa mkononi. Wakati huo tu ndipo alipoijia meza na kujipakulia vilivyobaki, na hakuna aliyehitaji kunieleza nani ni chifu sasa.

Kwetu ningegeuza uso. Nilisimama pale nikamtazama mpaka alipomaliza.